Mikungu Mlangoni

Kwetu Kamachumu, wilayani Muleba, marehemu hazikwi mbali na nyumbani. Kaburi huchimbwa ndani ya kibanja, kati ya migomba na mibuni, mahali ambapo watoto watapita wakienda kuchanja kuni na mwenye nyumba atapalilia huku akisemezana na waliomtangulia. Babu yupo pale. Bibi yupo pale. Mama yangu hayupo. Jioni ya tarehe 20 Mei 1996 alipanda meli ya MV Bukoba katika bandari ya Kemondo, na mikungu yake ya ndizi ya kuuza Mwanza, na hadi leo hatujui mwili wake ulilala wapi.

Nautoa ushuhuda huu kwa ajili ya watu wa mkoa wetu wa Kagera, na wa kandokando yote ya ziwa letu la Victoria, ambao usiku unawarudisha mahali wasipotaka kwenda. Mimi nilirudishwa huko kwa miaka mingi. Nilichosaidiwa nacho si dawa ya kunywa wala maombi peke yake, ingawa vyote viwili nilivipata na sivibezi. Nilisaidiwa kwa kukaa na mtu aliyesomea kazi hiyo na kuisimulia ndoto yenyewe, polepole, mpaka ikaacha kuwa adui.

Meli ilipinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei, ikiwa imeshakaribia Mwanza. Ilitengenezwa kwa ajili ya abiria 430. Walioandikwa katika orodha ya daraja la kwanza na la pili tu walikuwa 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Mama alikuwa daraja la tatu. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800, na Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Wapiga mbizi walitoka hadi Afrika Kusini kuja kutafuta miili. Wengi ambao hawakutambuliwa walizikwa Igoma, jijini Mwanza. Baba mdogo alikwenda kumtafuta shemeji yake, akapita kwenye miili iliyopangwa, akarudi peke yake. Matanga yalikaliwa na yakaanuliwa bila kaburi.

Nilikuwa na miaka tisa. Watu wazima waliojaa sebuleni walizungumza juu ya vichwa vyetu kana kwamba watoto hawana masikio, na katika mazungumzo hayo nilisikia mambo mawili ambayo hayakunitoka tena. La kwanza, kwamba baada ya meli kupinduka watu walisikika wakigonga kutoka ndani, likatobolewa tundu ili watolewe, hewa ikatoka na meli ikazama. La pili, kwamba meli ilielemewa, na kwamba miongoni mwa vilivyoielemea ni mikungu ya ndizi.

Ndoto ilianza kabla wageni wa msiba hawajaondoka. Niko katika ujia mwembamba ndani ya meli. Mbele yangu kuna mlango, na mbele ya mlango imelundikwa mikungu ya ndizi mbichi, mpaka juu. Upande wa pili kuna mtu anagonga. Najua ni mama. Naivuta mikungu mmoja mmoja, lakini kila nikiondoa mmoja nakuta mwingine umekaa pale pale. Maji hayaonekani, ila miguu yangu ni ya baridi. Ninapofungua mdomo kumwambia kuwa nipo, sauti haitoki. Hapo huamka nikipiga kelele, na dada yangu niliyelala naye huniziba mdomo kwa kiganja ili bibi asisikie.

Bibi alisikia. Alikuwa na imani ya wazee wetu kwamba aliyekufa akirudi ndotoni ana anachodai, na akasema mama anadai pa kulala. Sasa nikiwa mtu mzima naona maneno yale yalikuwa na busara kubwa, maana hakika mama hakuwa na kaburi na hilo ndilo lililokuwa linatusumbua sote. Lakini mtoto wa miaka tisa anayeambiwa kuwa mama yake anadai pa kulala atafanya nini? Katekista aliniambia nisali kabla ya kulala na nisizijali ndoto. Nilisali, na kusali kulinituliza mpaka taa inapozimwa. Kisha akaletwa mganga. Yeye hakuniuliza nimeota nini hata kidogo. Alisikiliza kwa watu wazima, akafumba macho, akataja jirani mmoja mwanamke kuwa ndiye aliyemfunga mama asitoke melini, akataka mbuzi. Mbuzi alitolewa. Mama yule jirani alikuwa amefiwa na mdogo wake katika meli ile ile. Toka siku hiyo nyumba zetu mbili hazikuombana moto wala chumvi kwa miaka, na ndoto yangu haikupungua hata usiku mmoja.

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu bado linatokea. Ndoto ya mtu aliyefiwa ikipelekwa kwa mwenye haraka ya kuifasiri, mara nyingi hurudi na jina la adui. Anayeumia hajaulizwa neno, na anayetajwa hana pa kujitetea, maana kesi yake imesikilizwa usingizini.

Kagera ya miaka ile ilikuwa imezoea vifo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na nilipokuwa shule ya msingi madawati yalikuwa yamejaa yatima. Kule Nshamba, wilaya yetu hii hii ya Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa mradi wa Humuliza, kwa msaada wa shirika la terre des hommes la Uswisi, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuwafundisha walimu namna ya kumsikiliza mtoto aliyefiwa. Shuleni kwangu haukufika. Binamu yangu wa Nshamba ndiye aliyenieleza kwamba kwao mtoto anaruhusiwa kumzungumzia mzazi wake aliyekufa mbele ya mtu mzima na haambiwi "nyamaza, utamliza bibi." Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko sare yake mpya.

Nilikua. Ndoto ikawa inakuja kwa nadra, kisha ikapotea kabisa nilipoolewa. Nikapata kazi ya ukarani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa: kupima maganda, kuandika stakabadhi, kubishana na wazee juu ya unyevu. Ni kazi ninayoipenda. Nilidhani mambo ya meli yamekwisha.

Tarehe 6 Novemba 2022 nilikuwa Bukoba mjini kwa shughuli ya ukoo. Asubuhi ile mvua ilinyesha na mawingu yalikuwa yamelala chini. Tukasikia ndege imeangukia ziwani. Nilikwenda ufukweni pamoja na wengine, na nikaiona: ndege ya Precision Air, mkia umechomoza juu ya maji, mitumbwi ya wavuvi imeizunguka, watu wamejipanga wakivuta kamba. Waliokuwemo walikuwa 43. Waliotoka hai ni 24, na 19 walikufa. Nchi nzima ilimjua kijana mvuvi Majaliwa Jackson, aliyetumia kasia kuusaidia mlango wa nyuma ufunguke. Watu walimsifu na mimi nilimsifu, na anastahili. Lakini kila redio iliporudia neno "mlango" nilihisi miguu inakuwa ya baridi.

Usiku huo ndoto ilirudi vile vile, kana kwamba ilikuwa imesimama mahali ikiningoja. Ikaja na kesho yake, na keshokutwa. Nilianza kuogopa kitanda. Nilikaa jikoni nikinywa kahawa mpaka usiku wa manane, mchana nikasinzia kwenye mizani huku wakulima wakinitazama. Mume wangu, mtu mpole, aliniamsha kila nilipoweweseka, na yeye mwenyewe akaanza kukonda kwa kukosa usingizi. Mwezi Machi 2023 ukatangazwa ugonjwa wa Marburg huku Bukoba vijijini, mkoa mzima ukawa unanawa mikono na kuogopana, mazishi yakawa ya haraka na ya watu wachache. Hapo nikawa naota hata mchana, macho yakiwa wazi.

Muuguzi mmoja wa kituo chetu cha afya, niliyekwenda kwake kuomba dawa ya usingizi, ndiye aliyenishauri kumwona mtaalamu wa saikolojia. Nilikataa. Kwetu ukitajwa kwa mambo ya akili watu hukupeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, midomoni mwao kabla hujafika hata stendi. Akanijibu, "Waitu, mguu ukivunjika huendi kwa mtaalamu wa mifupa?" Nikaenda, nimejifunga mtandio hadi usoni kama mtu anayejificha wadeni.

Mtaalamu alikuwa dada wa makamo, mdogo kwangu kidogo, na aliniita dada tangu siku ya kwanza. Mimi nilimwita daktari naye akaniambia si daktari wa sindano, lakini nikaendelea kumwita hivyo. Kikao cha kwanza hatukugusa ndoto. Aliniuliza nalala saa ngapi, naamka saa ngapi, nakunywa nini jioni, kama kuna anayenipiga nyumbani, kama nimewahi kuwaza kujidhuru. Alinieleza kwamba ndoto nzito huja zaidi katika saa za mwisho za usiku, wakati ubongo uko kazini sana na mwili umelegezwa usitembee, na kwamba ndiyo maana sauti yangu haikutoka. Sikuwa nimelogwa koo. Kahawa ya usiku aliniomba niiache, na mimi ni karani wa kahawa!

Katika kikao kilichofuata alisema, "Sasa nisimulie. Usinisimulie ilivyokuwa. Nisimulie kana kwamba upo ndani yake sasa hivi, na nikikuomba usimame, simama." Nikaanza. Nilipofika kwenye mlango akanisimamisha. Akauliza mlango ni wa nini. Nikasema wa meli. Akauliza, wa rangi gani? Nikafumba macho. Ulikuwa wa mbao, rangi ya kijani iliyochubuka chini, na una komeo la mti. Nikafumbua macho nikamtazama. Ulikuwa mlango wa jiko la bibi.

Maskini, nilikuwa sijawahi kupanda meli. Kichwa cha mtoto wa miaka tisa kilijenga meli nzima kwa vifaa kilivyokuwa navyo: mlango wa jiko, ujia wa kwenda chooni, mikungu iliyopangwa barazani ikingoja gari. Miaka yote niliamini kwamba ninaonyeshwa jinsi mama alivyokufa. Kumbe nilikuwa naona nyumbani. Sijui kueleza ahueni niliyoipata kwa jambo dogo hivyo. Nililia pale mpaka dada yule akasogeza kiti chake, asiseme neno.

Tukaendelea hivyo, kipande kwa kipande. Hakunipa tafsiri. Kila nilipomuuliza, "Mikungu maana yake nini?" alinirudishia, "Kwako wewe, mikungu ni nini?" Mwanzoni ilinikera, nikaona anakwepa kazi yake. Baadaye nikaona kwamba ndiyo kazi yenyewe. Siku moja akauliza, "Ile mikungu imefungwaje?" Nikasema imefungwa kwa kamba za maganda ya migomba, fundo la mara mbili. "Nani anafunga hivyo?" Nikanyamaza. Fundo lile ni langu. Mama alinifundisha kulifunga mwaka ule ule, na asubuhi ya Jumatatu ile mimi na dada yangu tulibeba mikungu kutoka kibanjani hadi barabarani, na mama akanisifu kwa fundo langu.

Huo ndio mzigo niliokuwa nimeubeba tangu waliposema sebuleni kwamba ndizi ziliizamisha meli. Hakuna aliyenishtaki. Nilijishtaki mwenyewe, kwa siri, na hukumu ilisomwa kila usiku.

Dada yule hakuniambia "usijilaumu", neno ambalo kila mtu analo. Aliniuliza nilibeba mikungu mingapi. Nikasema miwili, na mmoja kati yake tulisaidiana. Akaniuliza meli ilitengenezwa kwa ajili ya watu wangapi, nikamtajia. Akaniuliza waliopanda walikuwa wangapi, nikamwambia hakuna ajuaye hasa, daraja la tatu halikuandikwa. Akauliza, "Aliyetakiwa kuandika alikuwa na miaka tisa?" Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Hasira iliyokuja baada yake ilikuwa ya watu wazima, kwa watu wazima waliokuwa na kazi ya kuhesabu na hawakuhesabu, nayo ilikuwa hasira safi iliyonifaa.

Kisha akanieleza njia nyingine anayoitumia. Mwenye jinamizi linalojirudia huichagua ndoto yake akiwa macho, mchana, anaibadilisha anavyotaka mwenyewe, halafu anaipitia ndoto mpya akilini kila siku kwa dakika chache, mpaka ubongo uizoee. Mtaalamu mmoja wa usingizi Marekani, Barry Krakow, na wenzake waliipima njia hiyo kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono na waliokuwa wakisumbuliwa na majinamizi, na mwaka 2001 wakachapisha kwamba majinamizi yalipungua na usingizi ukawa bora. Dada yule alinionya pia: watu hawaanzi na ndoto nzito kuliko zote, na mtu akizidiwa huacha, na haifanyiki peke yako jikoni kwa kusikia kwa jirani. Nayarudia maonyo hayo hapa kwa makusudi.

Nilikataa tena. Nilimwambia kuwa kuibadilisha ndoto ya marehemu ni kumdanganya. Kama mama anagonga, nina haki gani ya kumfanya asigonge? Hakunibishia. Badala yake alinisimulia habari ya Carl Jung, yule tabibu wa Uswisi, aliyetembelea Mlima Elgon mwaka 1925, huko mpakani mwa Kenya na Uganda. Aliandika kwamba aliwauliza wenyeji juu ya ndoto zao, na mzee mmoja mganga akamwambia kwa huzuni kuwa zamani ndoto za waganga ziliwaambia watu juu ya vita, maradhi na mvua, lakini tangu Waingereza waje hakuna anayeota tena, kwa kuwa Mkuu wa Wilaya ndiye anayejua kila kitu. Wasomi wamelitafsiri jibu hilo kwa namna nyingi. Mimi nasikia mzee anasema kwamba ndoto inahitaji watu wa kuisikiliza, na kwamba wasikilizaji walikuwa wamehama. Wazee wetu hawakuona ndoto kuwa kitu kisichoguswa. Waliitoa, waliizungumza, waliitendea jambo. Nami ningeweza kuitendea yangu.

Basi nikachagua. Dada yule alidhani, nadhani, kwamba nitaufungua mlango na kumtoa mama. Watu wengi ndivyo wangefanya. Mimi sikutaka hivyo, maana hakutoka, na nisingeweza kuamka kila asubuhi kutoka katika uongo huo. Katika ndoto yangu mpya naingia katika ujia ule ule na mikungu ipo. Siivuti. Nakaa juu ya mmoja, naegemeza mgongo mlangoni, na kugonga kunaponyamaza naanza kuzungumza. Namwambia mama kwamba dada yangu alisoma ualimu. Kwamba bibi alimngoja, kisha akazikwa karibu na mti wa mfenesi. Kwamba nina watoto watatu, na wa mwisho ana vidole vyake.

Niliipitia ndoto hiyo kila jioni baada ya kufunga mizani, nikiwa nimekaa kibanjani kabla giza halijaingia. Siku za mwanzo nilitetemeka. Baadaye nikawa na hamu ya saa ile, kwa sababu tangu 1996 sikuwa nimewahi kuzungumza na mama yangu kwa raha. Jinamizi likaanza kuchelewa, likaruka usiku mmoja, likaruka wiki. Halafu ikaja ndoto ambayo sikuitunga. Ujia ni ule ule, mlango wa kijani ni ule ule, ila ndizi zimeiva. Mikungu yote ni ya njano, harufu imejaa, na mtu upande wa pili hagongi, anacheka kile kicheko cha mama alichokuwa akicheka akiwa na wanawake wenzake wakimenya ndizi. Nikaamka nikicheka. Mume wangu akawasha taa akidhani nimerukwa na akili.

Nilipomsimulia dada yule alifurahi waziwazi. Alinieleza kwamba mtafiti mmoja wa Chicago, Rosalind Cartwright, aliwafuatilia watu waliopatwa na sonona baada ya ndoa zao kuvunjika, akaona kwamba wale waliowaota wenzi wao wa zamani, kwa ndoto zenye hisia nzito na matukio yanayoendelea, ndio waliopona vizuri zaidi. Kuota juu ya jeraha si dalili ya kushindwa, alisema. Mara nyingi ndipo kazi inapofanyika, mradi ndoto isikwame mahali pamoja.

Sitaki mtu aelewe kwamba yalikwisha kama muujiza. Bado zipo siku, hasa Mei inapokaribia au upepo ukichafuka ziwani, ninaposhtuka na miguu ya baridi. Hata kabla ndoto haijarudi, mwaka 2020, MV Victoria iliporudi majini baada ya ukarabati na kuanza tena safari za Mwanza na Bukoba, watu walishangilia bandarini, na mimi nilizima redio. Hadi leo sijaipanda. Lakini nilikwenda Igoma kwa basi, na dada yangu, tukasimama kwenye makaburi yale tukasali. Hatukujua kama mama yumo. Tulichukua udongo kidogo kwenye kitambaa, tukauleta Kamachumu, na baba mdogo, ambaye sasa anatembelea fimbo, akauweka karibu na bibi, akapanda mgomba juu yake. Kama wataalamu wa mila wana la kusema, waseme. Bibi alisema mama anadai pa kulala, na sasa pana.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni moja. Wavuvi wale wa Bukoba walioshika miili kwa mikono yao mwaka 2022 wanalala vipi? Waliowazika ndugu zao wakati wa Marburg bila kuwagusa wanaota nini? Mkoa wetu umepita katika vita vya 1978, Ukimwi, meli, tetemeko la 2016 na ndege, na kila mara tumehesabu waliokufa na nyumba zilizoanguka. Hospitali za wilaya zipewe watu waliosomea kusikiliza, na wauguzi wafundishwe kuuliza swali moja tu la ziada: unalala vizuri?

Nilipoanza kuyasema haya wazi, nilimwendea kwanza yule mama jirani aliyetajwa na mganga. Amezeeka. Nilipiga magoti nikamwamkia, akaniitikia kama mtu aliyenitarajia. Nikamsimulia ndoto yangu yote, mlango, mafundo na ndizi kuiva. Alikuwa anachambua maharage, akaacha. Akasema, "Mwanangu, mdogo wangu huja amelowa. Kila akija ananiomba nguo kavu, nami natafuta kabatini sipati." Nikamuuliza ni kabati gani. Akafikiri. "La mama yetu," akasema, "la kule Ibuga tulikozaliwa. Hebu subiri. Lilikuwa na kioo." Akasogeza ungo wa maharage pembeni, akaniambia nikae vizuri, na akaanza kunieleza kabati lile lilivyokuwa, rafu kwa rafu, na nguo gani zilikaa wapi.